Lumbesa kwenye Kizuizi cha Bwana Miti

Miaka ya sabuni ya foleni, mkaa wa kwetu ulikuwa ukivuka mpaka kwenda Kenya na kurudi ukiwa sabuni na mafuta ya kula. Hiyo iliitwa magendo. Nilikuwa nanunua na kuuza mkaa Musoma, na sikuwahi kumsikia hata mmoja wetu akiiita biashara ile mauzo ya nje. Neno hilo lilikuwa la watu wenye meli.

Biashara ilipofunguliwa, sabuni ikajaa madukani, vibali vya kusafirisha mkaa vikabaki vilevile. Mjane mmoja wa upande wa Butiama alikuwa akinichomea mkaa. Mwezi ule alichoma magunia manane kwa ajili ya binti yake aliyechaguliwa sekondari, ambaye Jumatatu alitakiwa kuripoti shuleni na godoro na sanduku la bati. Ijumaa tukapakia lori, kibali cha magunia manane mkononi. Niliyahesabu, nikarudia. Manane.

Kwenye kizuizi cha barabarani, bwana miti, afisa wa misitu, alizunguka lori mara moja tu.

"Haya ni kumi na mawili."

"Hesabu tena, mkubwa. Mimi nimehesabu mara mbili, na shule sikusoma sana."

"Wewe umehesabu magunia. Mimi nahesabu lumbesa."

Lumbesa ni ule mlima unaojengwa juu ya mdomo wa gunia kwa vijiti na majani, ukafungwa kamba. Mama yule alikuwa fundi wake: juu ya kila gunia alikalisha nusu gunia jingine. Nusu nane ni manne. Jamaa alijua hesabu.

"Ukizidisha kibali, mzigo wote unabaki hapa," akasema.

Mama akashuka. "Baba, si redio ilisema soko huria?"

"Huria, mama. Siyo holela."

Nyuma yetu ilisimama pikapu ya misheni, na fundi wa visima, Mzungu, akashuka kunyoosha miguu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini kilifika.

"Hata kwetu kuni nauzwa nchi ingine. Nasaga mbao, nabana kama chakula ya kuku. Meli nabeba."

"Gesi hamna?" mama akauliza.

"Iko."

"Umeme?"

"Iko."

"Sasa kuni za nini?"

"Kupasha nyumba moto. Baridi mingi."

Mama akamwangalia kwa huruma ya kweli. "Poleni sana, baba. Na mlivyo matajiri!"

Mimi nikauliza la kwangu: "Na lumbesa mnawekaga kiasi gani?"

Neno hilo hakulijua. Bwana miti akamwonyesha kwa mikono, mpaka juu ya kofia yake. Mzungu akatikisa kichwa. "Hapana. Kule napima mizani. Ikizidi, mnunuzi nalipa zaidi."

"Analipa?" mama akauliza. Lakini hakuwa akimtazama Mzungu. Alinitazama mimi.

Lumbesa hakuibuni yeye. Kila mzigo nilikuwaga namwambia, mama, gunia bila lumbesa ni mfuko tu, nao wanawake wa Nyasura kule Bunda wananijazia vizuri kuliko wewe. Nyasura sikuwahi kununua hata debe. Yeye akaongeza vijiti, akaongeza miti, na mwezi ule akaniongezea magunia manne ya bure.

"Lumbesa ni zangu," nikamwambia bwana miti. "Mimi ndiye ninayezidai. Shusha hizo, huyu mama apite na manane yake."

Alifikiri kidogo. "Fungueni."

Tukafungua kamba moja moja, mkaa ukamwagika pembeni mwa barabara. Mama aliukanyaga akipanda lori na hakugeuka kuuangalia.

Tulipofika Bweri, pale Musoma mjini, nilimlipa bei ya magunia kumi na mawili. Alipokea bila shukrani nyingi, akaniambia mzigo ujao ataufunga bapa, na mimi nikitaka zaidi nikanunue mizani. Kisha akakaza kanga kiunoni, akaenda mbio kabla duka la magodoro halijafungwa.