Pini ya Saa Tisa

Nimechoka kuchekwa chinichini, jamani, basi leo naisema mwenyewe. Ni mimi niliyewarudisha watu nyumbani asubuhi kweupe pale kiwanda cha chai karibu na Nyololo, miaka ile ya sabini, tena mbele ya mgeni kutoka wilayani.

Zamani kazi iliendeshwa kwa karatasi ya Mzee Mgaya, fundi wetu mkuu wa siku nyingi: saa sita king'ora cha chakula, saa tisa king'ora mara mbili, zima mashine, watu watawanyike. Ikaletwa saa ya umeme kutoka nje, sahani yenye namba moja mpaka ishirini na nne, unachomeka pini kwenye namba, wakati ukifika inapiga king'ora na kuzima mashine yenyewe. Meneja akaniambia nikiihamishia karatasi ile humo vizuri, ufundi mkuu ni wangu (mke wangu kule Kihesa alishaambiwa, na mama yake, na kwaya nzima).

"Mwanangu, hiyo saa ina wenyewe, uliza kwanza," Mzee Mgaya akasema.

"Mzee, kunakili nako kunaulizwa?" Sita nikaweka sita, tisa nikaweka tisa.

Tukaiwasha asubuhi watu wakiwa kazini, mgeni anaelezwa maendeleo. Kwetu ilipogonga saa tatu tu, kwenye sahani ile ikawa tisa, king'ora kikalia mara mbili, mashine zote zikanyamaza, na watu wakavua aproni wakaanza kutoka. Nikasimama mlangoni kuwazuia.

"King'ora ni king'ora, ndugu," mmoja akanipita.

Mgeni akatazama saa yake ya mkononi. "Ndugu meneja, hapa mnafanya kazi saa mbili kwa siku?"

Kuwakusanya watu vijijini kulitufikisha mchana, na majani yakawa yamechacha, yote ya kumwaga. Mama Veneranda, aliyeyachuma na wenzake jana yake kwenye ukungu na baridi ile, akaja akayanusa. "Kamwene, fundi," akanisalimia, basi, akaondoka. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Mzee Mgaya akaichomoa pini ya tisa, akaichomeka kumi na tano, na ile ya sita kumi na mbili, akabaki na ufundi mkuu wake. Mimi nikaenda Kihesa kukanusha nyumba kwa nyumba, kwaya ikiwa ya mwisho. Tangu siku ile nimekoma, hata ukinialika harusini saa nane nitakuuliza: saa nane yetu, au ya sahani?