Bustani Juu ya Mafiga

Mwalimu Hezekiah Kiprugut alifika shule ile ya vilimani, karibu na Olenguruone, mwaka wa hamsini na tano. Upepo wa msitu wa Mau ulipenya mbao za darasa, watoto wakakohoa kutwa. Kiprugut hakuwa mtu wa kuamrisha. Aliwauliza wanafunzi wake, "Shule ni yenu. Tuanzie wapi?"

Wakashauriana, wakapima uwanja kwa kamba, wakakata shauri: mikaratusi ya kukinga upepo, na bustani ya mboga nyuma ya darasa.

Siku ya kulima, jembe la Cheptanui, msichana waliyemchagua kuwaongoza, liligonga jiwe. Wakafukua. Mafiga matatu, bado yana masizi. Mbele kidogo, mengine. Wakaweka majembe chini.

Wote walijua kwamba Wakikuyu waliokaa pale walipakiwa kwenye malori ya serikali, na nyumba zao zikabomolewa.

"Mwalimu, tunalima jikoni kwa watu," Cheptanui alisema.

"Mwasemaje basi?"

"Tusiyang'oe. Tupande kando yake."

Mwalimu mkuu alifoka. "Ofisa wa elimu anakuja! Anataka mistari iliyonyooka."

"Wameshaamua, mzee. Nikiupindua uamuzi wao leo, kesho nitawauliza nini?"

Mistari ikapinda, ikayazunguka mafiga. Ofisa aliitazama, akaguna, akaenda zake. Tangu hapo Kiprugut hakupandishwa cheo.

Miti ilishika, kabichi zikafunga, kikohozi kikapungua. Lakini kila alfajiri Kiprugut alisikia harufu ya moshi kabla mtu hajawasha moto. Akitoka nje, umande mtupu.

"Ni ukungu tu," mkewe Jerop alimwambia. Hata hivyo, siku hizo yeye mwenyewe hakutaka tena kwenda kuchuma mboga peke yake.

Sheria za hali ya hatari, zilizowazuia Wakikuyu kusafiri, zilipolegezwa, alikuja mwanamke aliyeitwa Njoki. Aliinama kwenye mafiga, akayagusa.

"Ni nani aliyeyaacha yasing'olewe?"

"Wanafunzi, mama," Kiprugut alijibu.

Njoki akaanza kutembea kati ya kabichi, akionyesha kwa kidole. "Hapa mlango wa mama. Pale kwa Waithaka. Huku tulimzika mtoto wake."

Wanafunzi walimfuata, wakikanyaga pale alipokanyaga. Alipoondoka, walikwenda kuchota maji ya bustani bila kutumwa. Kiprugut alibaki bustanini, akitafuta njia ya kutokea isiyopita nyumbani kwa mtu.