Kofia Yenye Feni

"Nyoa!" bosi alisema. "Maski haishiki juu ya ndevu. Vumbi linapita."

"Bosi, nikinyoa, hata mama kule Goma atanifukuza kama mwizi."

Fundi wetu alibishana hivyo wiki iliyopita, kwenye karakana tunakokata mawe ya volkano hapa Gisenyi. Mimi hufagia. Fundi alipovua maski, bosi alimpitishia kidole chini ya pua, kikatoka cheusi. Siku chache baadaye bosi alileta kofia inayofunika kichwa chote. Feni ya betri, inayofungwa kiunoni, huchuja hewa na kuisukuma ndani. Haidai kunyoa, inadai betri iliyojaa na chujio safi.

Nilifurahi, maana kikohozi cha fundi kilinitisha. Lakini tangu niache shule, ni yeye tu aliyekuwa akiniuliza nimeota nini. Sasa feni inavuma masikioni mwake, nami naongea na mawe. Wanaouza vifaa hivi hupima kila kitu, ila hilo hawalipimi.

Jana alinikuta nimenyamaza. Kabla ya kuingia kukata, aliinua kofia pale mlangoni.

"Dada mudogo, we ongea tu. Mi nitajibu saa ya kula."