Mwanamke wa Njano wa Shangazi Somoe

Juzi nilimwona shangazi Somoe pale Nachingwea akichora ukuta wa saluni. Mkasi, kitana, kichwa cha mwanamke, kila kitu mahali pake. Siku hizi anachora anachoambiwa. Nilipita bila kumsalimia, macho chini kama mwizi.

Zamani kwetu Likunja, nikiwa mtoto, hakuchora hivyo. Mchana mmoja alichukua salfa, ile dawa ya unga wa njano, iliyobaki baada ya kupulizia mikorosho, akaikoroga na uji wa muhogo. Kwenye ukuta wa jiko akachora mwanamke wa njano, kimo changu mimi, ambaye kichwa chake ni bibo, tunda la mkorosho, na korosho yake inaning'inia kama kidevu. Salfa ilininukia kama kiberiti.

"Nimemwota huyu," alisema. "Mzuri, eti?"

Nikaitikia kwa kichwa. Lakini moyoni nilijua kabisa kwamba atashuka ukutani anifuate. Nikakimbilia kwa bibi.

"Bibi, shangazi amechora jini!"

Bibi alikuja mbiombio. Hakusema nani kamwambia. "We Somoe, unatuitia nini hapa nyumbani? Kandika ukuta huo sasa hivi!"

Shangazi hakubisha. Alikanyaga udongo wa kukandikia, akaniita nimsaidie. Tulianzia miguuni. Tulipofika kwenye bibo alisimama, akageukia pembeni, nikalifunika mimi kwa viganja vyangu.

"Asante, mwenzangu," akasema. "Nyumba nzima hii, wewe peke yako ndiye hukumwogopa."