Sahani ya Pili ya Dada Yangu

Wasomaji wa ukurasa huu, jina yangu muifiche vizuri, maana hapa Masisi nikikohoa tu, Kirolirwe wanajua. Niko kijana wa miaka kumi na nane, sura haina shida (wasichana njo mashahidi), na Kifaransa niko nayo, hata kama fujo za kisha uhuru zilifunga masomo nikiwa mwaka wa tano. Kwetu njo Walikale, kwenye pori. Tulikimbilia huku na Papa, Mama na dada yangu mukubwa. Wazazi wanajua luga ya kwetu tu. Mukubwa yeyote akifika, mimi njo kinywa ya nyumba. Na hiyo kinywa njo imetuharibia.

Dada alizaliwa pacha. Mwenzake alikufa kwa homa mwaka jana. Kwetu pacha hasemwi kufa. Tunasema ameenda kutafuta chumvi. Anayebaki anamuwekea sahani yake, anamupasha habari, mupaka mavuno mawili yapite. Watu wa hapa hawajui hiyo. Walimuona dada anacheka na sahani ya bugali na maharagi, wakaanza: "Bale batu ba pori, binti yao kichwa imeruka!" Mumoja akaenda kusema kwa dispensaire, kule wanatoa dawa.

Akaja Madame, asistanti sosiali wa Goma, yule anayefuata wagonjwa wa kichwa mu vijiji. Akanipa mukono kama mutu mukubwa. "Unasema Kifaransa muzuri, kijana. Natafuta mukalimani kama wewe." Weee! Nikavimba kama chura wa mvua. Nikamuambia sisi ni watu wa misa, mambo ya kishenzi hatuyajui.

Kisha akauliza: "Dada yako anaongea na nani?"

Papa akaeleza pole pole: pacha, chumvi, sahani. Akamaliza: "Umuambie yote, mutoto wangu. Usiruke hata kimoja."

Haya ikanishika. Nikasema kwa Kifaransa: "Papa anasema hata yeye haelewi. Ilianza tu hivi."

Madame akasikitika. Akauliza kama wazazi wanakubali dada alazwe hospitali ya wagonjwa wa kichwa, mbali, kupita Shasha. Papa nilimuambia eti ni kupumuzika siku chache, huzuni ipungue. Papa akakubali, akamushukuru na mikono mbili.

Jeep ilipokuja, dada alipanda, akashika mulango wazi. "Mungoje kidogo, mwenzangu hajapanda." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, wasomaji. Mimi mwenye nyumbani nilikula pembeni ya ile sahani, nikasogeza mukeka ili pacha apate nafasi.

Juzi Madame amerudi, uso umeanguka. "Dada yako hakuli. Wanamuletea chakula, anaisukuma, anasema sahani iko moja. Amebaki mifupa. Wewe mwenye akili, unajua sababu?"

Nikaangalia viatu vyake. "Hapana, Madame."

Papa akanivuta shati: "Amesema nini?"

"Anasema dada anawasalimia."

Mama akapiga vigelegele. Tangu ile siku silali.

Ijumaa Madame anapita tena, akielekea kule hospitali. Nikisema kweli, Papa atajua nilimutia maneno kinywani na nikauza binti yake kwa sifa ya Kifaransa. Kazi ya mukalimani nayo imekufa. Iende, hata sijali sana (najali kidogo). Lakini kinachoniogopesha njo hiki: mwongo akigeuka, nani atamusadiki? Madame atasema nimetunga hadisi ya pacha ili nimutoe dada, na dada ataendelea kupewa sahani moja.

Nimeiba sahani ya pili jikoni, ile yenye ua nyekundu, nimeifunga na kitambaa. Najua nikimupa Madame sahani tu bila neno, wauguzi wataiweka kwenye kabati, na dada atakufa na njaa pembeni yake. Mukono iko tayari, kinywa njo inakataa. Wakubwa wangu, munifungue kinywa: nianzie wapi, kwa Papa ao kwa Madame? Munijibu mbele ya Ijumaa.