Mayai Manne Kwenye Jaruba la Bi Somoe

Mwanangu Zuhura, tangu jana uliponionyesha kamera yako mpya na kuniomba nikupeleke bonde la Matambarale ukapige picha za ndege wa majini, nimekuwa nikiikumbuka asubuhi moja ya ujana wangu. Sikukujibu, ukadhani usingizi umenichukua. Nilikuwa macho. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana jambo hili hata mama yako sijamsimulia lote.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nafanya kazi kwenye studio ya mjomba wangu pale Nachingwea mjini. Kazi yenyewe ilikuwa picha za pasipoti, za maharusi, na za watoto waliotoka jando wamevalishwa kanzu mpya. Mjomba alinifundisha mengi, lakini moja nililishika kuliko yote: kabla hujabonyeza, safisha. Kola imekaa upande, inyooshe. Kiti kimeingia kwenye picha, kiondoe. Puani kuna jasho, futa. Nikawa fundi wa kusafisha, na sifa za wateja zikanivimbisha kichwa.

Masika yale nilipita kijiji cha Mtua kwa baiskeli nikawaona ndege kwenye majaruba ya mpunga. Unawajua wale: weupe tumboni, weusi mabawani, mdomo mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, na miguu mirefu, myekundu, utadhani wameazima kwa ndege mwingine. Sisi tuliwaita mabwana shamba, kwa namna walivyotembea majini taratibu, wakiinua mguu na kuinama, kama mtu aliyetumwa kukagua mpunga wa watu lakini hataki kuchafua suruali. Nikaingiwa na hamu ya kumpata mmoja akiwa ameatamia mayai, niikuze ile picha, niitundike mlangoni pa studio. Nilitaka watu wa Nachingwea waache kuniita mpiga pasipoti. Nilikitaka kitu hicho kuliko chakula.

Jaruba nililolichagua lilikuwa la Bi Somoe, mjane wa umri wa bibi yangu aliyelima peke yake. Lote lilikuwa limepaliliwa, isipokuwa kipande kimoja kando ya tuta, ukubwa wa mkeka wa kuswalia, alichokiacha na magugu yake. Nikajua ndipo penyewe. Kina mama wa bonde lile walikuwa na desturi yao: wakikuta kiota wakati wa palizi, jembe linapita mbali, na magugu yanabaki mpaka vifaranga waondoke. Desturi hiyo niliijua vizuri. Usije ukanitetea kwamba nilikuwa mgeni.

Nilifika asubuhi, Bi Somoe mwenyewe hajaja. Ndege akainuka, akaanza kupiga kelele juu ya kichwa changu. Yalikuwa mayai manne, rangi ya tope lenye madoa, ncha zake zimekutana katikati. Lakini majani yalifunika nusu yake, na mimi nimefundishwa kusafisha. Basi nikang'oa magugu yote, nikapangusa pembeni, mpaka kiota kikakaa wazi kama mteja kwenye kiti cha studio. Kisha nikarudi nyuma hatua kama kumi, nikachuchumaa kwenye tuta na kamera usoni, nikamsubiri ndege mwenye nyumba.

Hakurudi. Nilimwona akishuka kwenye maji, akijilowesha tumbo, akitoka mbio kuelekea kiotani. Halafu ananiona, anageuka. Akafanya hivyo tena na tena. Mimi nikadhani anaoga. Nilicheka, mwanangu, nikampiga picha mbili, nikajiambia atanizoea tu. Filamu ilikuwa imebakiza picha chache, nikazibania. Jua likapanda, shati likanigandia mgongoni, na mimi bado nipo palepale na ubishi wangu.

Ndivyo Bi Somoe alivyonikuta.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Alikitazama kile kipande, akainama, akaligusa yai moja kwa ncha za vidole, kisha la pili, kisha yote.

"Nani kapalilia hapa?"

"Mimi, bibi. Nilitaka picha itoke vizuri."

"Ntoto wa nani wewe?"

Nikamtajia jina la baba. Hapo ndipo alipoitikia marahaba, na kuitikia kwake kulinitia hofu kuliko kama angenitukana.

"Haya yameshaiva," alisema. "Jua limeyapika. Sasa vua hiyo kofia, ukae kwenye lile tuta la mbali. Usiinuke mpaka nikwambie."

Leo mtu angecheka akaenda zake. Mimi nilivua kofia nikakaa. Yeye akanipa mgongo, akaendelea na palizi yake mstari baada ya mstari. Kichwa kilianza kunigonga. Midomo ilinikauka. Maji yalikuwa yamejaa bonde zima mbele ya macho yangu, na sikuthubutu kunyoosha mkono. Ilipokaribia adhuhuri alichota maji kwa kibuyu, akaja, akanimiminia kichwani polepole mpaka yakanishuka mgongoni. Sijapata kuhisi raha kama ile.

"Umesikiaje?"

"Nimepoa, bibi."

"Basi na mama yao alikuwa anakuja na maji tumboni, ayapoze mayai yake. Kila akija, anakukuta wewe."

Wakati huohuo, kwa kuwa sote wawili tulikuwa mbali na kile kipande, yule ndege alitoka majini mbio na kupanda kiotani. Akaikunja ile miguu mirefu, akajishusha, akalala juu ya mayai yaliyokufa, tumbo likichuruzika maji. Palikuwa peupe kabisa, hakuna jani hata moja mbele yake. Ndiyo picha niliyoiota mwezi mzima.

"Piga basi," Bi Somoe aliniambia. "Si ndiyo uliyoijia?"

Kamera ilikuwa shingoni. Nikalia mbele ya mama wa watu kama mtoto mdogo. Sikupiga. Baadaye niliambiwa kwamba ndege yule aliendelea kuyaatamia siku nyingi kabla hajakata tamaa, na aibu ile sijaimaliza mpaka leo.

Kwa hiyo nitakupeleka Matambarale, Zuhura, lakini utakwenda na maneno yangu. Kamera yako inavuta mbali kuliko yangu ilivyoweza. Basi itumie ukiwa mbali. Ndege akiacha kula akakukodolea macho, umeshasogea mno. Akipiga kelele juu yako, rudi kwa njia uliyojia, wala usitafute sababu ya kubaki. Muone kwanza mwenye jaruba, umwamkie, umuulize pa kupita, maana yeye anawajua ndege wale kuliko sisi wapiga picha. Na jani linaloharibu picha yako usiliguse, hata kwa kidole. Kwako ni uchafu, kwa ndege ni paa la nyumba. Mambo ya watu pia yako hivyo, utayaona ukikua zaidi. Si kila kinachokuzuia kuona kimewekwa kimakosa. Ukirudi bila picha, mimi sitakucheka.

Zile picha mbili nilizompiga ndege nikidhani anaoga nilizisafisha kwa dawa pale studio. Moja iliharibika. Nyingine nimeiweka kwenye kasha langu miaka yote, na leo nakupa, ukae nayo kwenye mfuko wa kamera.

Mwenyezi Mungu akulinde, mwanangu, akupe jicho kali na subira ndefu kuliko yangu. Akujaalie siku moja umkute ndege ameatamia, akuone, na asiinuke. Hapo utakuwa umekaribishwa. Piga moja, mshukuru, urudi nyumbani.