Pamba Chini ya Barakoa

Katika miaka yote ya korona, mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine, na wewe uliyepangiwa wodi ya wagonjwa wa kifua hapa Bariadi ni vizuri uisikie kabla hujaanza. Nilikuwa bado muuguzi, sijastaafu. Barakoa zetu zilikuwa zile ngumu zinazobana, na tulizivaa zamu nzima bila kuzivua, tukidhani huko ndiko kuchapa kazi. Pua zilichubuka, mashavu yakafanya mifereji. Hii alama yangu ya puani niliipata huko. Wajukuu wanadhani nilizaliwa nayo, nami nimewaacha waamini hivyo.

Mmoja tu kati yetu hakuwa na kidonda. Aliitwa Kabula, binti wa wakulima wa pamba kule Nkoma, mwenye mtoto mchanga anayenyonya. Nyumbani kwao maksai akichubuliwa shingo na nira, baba yake huifungia nira ile pamba. Basi naye akawa anaweka pamba ya shambani juu ya pua, kisha anavaa barakoa. Tulimwonea wivu. Asubuhi ya siku hiyo ninayoikumbuka alikuja na mfuko mzima ili atugawie.

Kabla hatujagusa, akaingia mkuu wetu wa wodi, mama mpole asiyejua kupandisha sauti. Alivua miwani yake, akamvalisha Kabula juu ya barakoa, akamwambia apumue. Vioo vikajaa ukungu palepale.

"Pamba imeacha upenyo, pumzi inatokea hapa juu," alisema. "Inapotokea ndipo ugonjwa unapoingilia."

Kabula alijitetea kwamba baba yake amefanya hivyo miaka yote.

"Baba yako hajakosea, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ila maksai hapumui kwa shingo."

Kabula alikuwa amehudumia wagonjwa siku kadhaa na pamba ile, na kila jioni alirudi kumnyonyesha mtoto. Akapimwa. Wakati majibu yanasubiriwa alilala chumba cha pembeni hospitalini, huku nyumbani bibi wa mtoto akimnywesha maziwa kwa kikombe. Nilimpelekea uji, nikamkuta gauni limelowa maziwa kifuani, anaangalia ukuta. Niliogopa sana siku ile. Majibu yalikuja mazuri, lakini bahati ya namna hiyo si ya kuitegemea.

Kwa hiyo, mwanangu, chagua barakoa inayokaa vizuri usoni mwako, na usiikaze kamba kama unayefunga ndama. Nawa uso, upake mafuta mepesi mapema ili yaingie ngozini kabla hujavaa. Ukihitaji kinga ya pua, omba plasta nyembamba ya kukinga ngozi, kisha vaa na ujaribu kupumua. Ukisikia upepo machoni, barakoa haijakaa. Kila baada ya saa chache toka wodini, nawa mikono, ivue, unywe maji, ngozi nayo ipumzike. Ikianza kuwasha au kuuma, sema siku hiyohiyo, maana kidonda hukufanya upeleke mkono usoni bila kujua. Ukiona aibu kusema, njoo kwanza utazame pua yangu.

Nenda, Mungu akutangulie. Akurudishe jioni na uso uliotoka nao asubuhi, na wanaokusubiri nyumbani wakukumbatie bila woga.